Jasusi mkongwe aseme Kiswahili gani? Kusoma upya katuni za Nick Fury

Nick Fury alikuwa sajini kabla ya kuwa jasusi, na hilo ndilo linalomfanya awe mgumu kutafsiri. Wasomaji wa Marvel walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1963, katika gazeti la vita lililoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby. Alikuwa sajini mwenye ndevu zisizonyolewa na sigara mdomoni, akiongoza kikosi kidogo cha makomando dhidi ya Wanazi. Mwishoni mwa mwaka uleule alitokea katika toleo la 21 la Fantastic Four akiwa kanali wa CIA. Halafu, Agosti 1965, toleo la 135 la Strange Tales likampa kazi inayojulikana hadi leo: mkuu wa shirika la ujasusi la S.H.I.E.L.D., mwenye kitambaa cheusi juu ya jicho la kushoto. Sinema za James Bond zilikuwa zimeshawasha moto, na kila mchapishaji alitaka jasusi wake. Bond lakini alikuwa na suti na sarufi. Fury alivaa suti huku mdomo wake umebaki kambini.

Marvel imezikusanya katuni hizi katika vitabu zaidi ya mara moja, hasa zile za Jim Steranko, aliyeanza kuzichora mwaka 1966 juu ya michoro ya msingi ya Kirby na baadaye akaziandika mwenyewe. Ukizisoma leo kwa mfululizo, bila kusubiri mwezi mzima kati ya sura na sura, kuna mambo yanayochakaa haraka. Yellow Claw, adui wa Kiasia mwenye kucha na hila, ni picha ya ubaguzi wa zamani isiyohitaji maelezo marefu. Kuna pia mambo ambayo hayajachakaa hata kidogo. Kwa sisi tunaosoma lugha za Kiafrika, la kwanza kati ya hayo ni namna watu wanavyozungumza ndani ya viputo.

Fury amekulia Hell's Kitchen, mtaa wa New York, na waandishi hawakuacha tusahau. Maneno yake yanakatwa mwisho, viwakilishi vinaandikwa kama vinavyosikika mtaani, na hasira zake zina lafudhi. Anaongoza meli ya vita inayoruka angani, ana silaha ambazo hakuna jeshi lililowahi kuziona, na bado anatoa amri kama mtu anayegombea nafasi kwenye basi. Msomaji wa Kiingereza anaelewa mara moja: huyu amepanda cheo bila kubadilisha ulimi. Sasa tumtie mtu huyu katika Kiswahili.

Njia rahisi ni Kiswahili sanifu. Fury atasema, kwa mfano: «Ondokeni hapa. Mimi sina wakati wa kupoteza.» Sentensi ni safi, na sajini amekufa. Huyo anaweza kuwa mkuu wa shule au msomaji wa habari. Njia ya pili ni Kiswahili tunachozungumza Lubumbashi: «Mutoke apa! Miye shiko na wakati ya kupoteza.» Hapa /h/ imeanguka, /s/ imekuwa /sh/ mbele ya /i/, «wakati» imekubali «ya» badala ya «wa», na umiliki unasemwa kwa «-ko na». Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo bahati mbaya. Zote zina kanuni, na mtoto wa Kamalondo anazifuata bila kukosea kabla hajafika darasa la kwanza.

Hapo ndipo pingamizi linapoanza. Nimeshasikia katika vyumba vya masomo, kutoka kwa wanafunzi na hata kwa mwalimu mmoja, kwamba kumpa mhusika Kiswahili chetu ni kumfanya aonekane hakusoma. Pingamizi hilo si la kupuuzwa. Tafsiri nyingi hufanya hivyo hasa: lugha sanifu kwa bwana, lugha ya mtaa kwa mpishi, mlevi na mwizi. Tukimpa Fury Kiswahili cha Lubumbashi kwa sababu tu Kiingereza chake ni «kibovu», tutakuwa tumekubali kwamba na chetu ni kibovu.

Mimi naona katuni zenyewe zinatoa jibu, na jibu liko kwa Gabe Jones. Gabe ni Mmarekani mweusi, mpiga tarumbeta, mmoja wa makomando tangu toleo la kwanza, na baadaye mtu wa S.H.I.E.L.D. Katika toleo hilo la kwanza watengenezaji wa rangi walimpaka rangi ya mzungu. Stan Lee alisimulia jinsi alivyolazimika kuwafafanulia kwamba hawakuelewa vibaya maelekezo. Kosa hilo linaeleza mengi kuhusu Marekani ya 1963, na kikosi chenyewe kilikuwa ndoto: jeshi la Marekani halikuamriwa kuacha kutenganisha weusi na weupe hadi Julai 1948, miaka mitatu baada ya vita. Lakini tazama mgawanyo wa lugha. Mweusi ndiye anayezungumza Kiingereza kilicho karibu zaidi na sanifu. Mzungu, tena mkuu wa wote, ndiye anayekata maneno. Lugha ya mtaa haikuwekwa chini ya ngazi. Imewekwa kileleni, kwenye kiti cha mkurugenzi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: Fury aseme Kiswahili cha Lubumbashi, Gabe aseme sanifu, na hakuna yeyote katika hadithi atakayemcheka Fury kwa hilo. Msomaji atasikia Kiswahili chake kikitoa amri. Hilo si jambo dogo katika nchi ambamo amri za jeshi, tangu Force Publique, zilitolewa kwa Lingala, na Kiswahili kiliingia kambini kwa nguvu pamoja na vita vya 1996 na 1997.

Vita hivyo vinafunga mlango mmoja. Askari wa Fury wamwiteje? Mtafsiri wa Dar es Salaam angeandika «afande» bila kufikiri, na angekuwa sahihi: kwake ni neno la heshima kwa ofisa. Mashariki mwa Kongo neno hilo lina kumbukumbu nyingine, la mtu mwenye bunduki aliyesimama barabarani. Neno lilelile, tahajia ileile, maana ya kamusi ileile, na huwezi kulitumia. «Mukubwa» linafaa zaidi. Nilifikiria pia «Mzee», kwa kuwa linabeba umri na mamlaka kwa pamoja, lakini kwa Fury lina kichekesho ndani yake: huyu ni mzee asiyezeeka. Mpiganaji wa vita vya 1940 hawezi kuendelea kuruka kutoka kwenye ndege katika miaka ya 1970, na Marvel ilipoona hesabu inakataa, Desemba 1976, toleo la 31 la Marvel Spotlight likaeleza kwamba Fury hudungwa kila mwaka dawa inayosimamisha umri wake.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili chetu ni cha mdomo tu, hakiandikiki. Mwaka 1965, mwaka uleule Fury alipokabidhiwa S.H.I.E.L.D., André Yav aliandika hapa Lubumbashi historia ya mji kwa Kiswahili cha hapahapa, kwa ajili ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa wazungu. Johannes Fabian aliichapisha na kuichambua mwaka 1990. Kuhusu bede hasa, gazeti la Kinshasa Jeunes pour Jeunes lilithibitisha tangu mwisho wa miaka ya 1960 kwamba viputo vinaweza kujaa lugha ya mtaa, Kifaransa na Lingala na Hindubill, na watu wakanunua. Katuni za Kiswahili cha Katanga zina deni hapo.

Sasa niingie katika sehemu inayonivutia zaidi, ambayo haina neno hata moja. Juni 1968 Fury alipata gazeti lake mwenyewe, na Steranko alilifungua kwa kurasa tatu kimya. Mtu anapenya ngome. Hakuna kiputo, hakuna maelezo juu ya fremu, hakuna hata mlio. Steranko amesimulia kwamba ofisi haikutaka kumlipa ada ya uandishi kwa kurasa hizo, kwa kuwa hakukuwa na maandishi. (Mwanaisimu yeyote angekuwa shahidi wake mahakamani.) Kurasa zile zina sarufi, na Kiswahili kina kiambishi kinachoieleza vizuri kuliko Kiingereza au Kifaransa. Ni «-ka-». Kiambishi hiki chenyewe hakitaji wakati. Kinasema tu kwamba tendo hili limefuata lile. Akapanda ukuta, akachungulia, akaingia. Nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu hufanya kazi hiyohiyo: haituambii zimepita sekunde mbili au saa mbili, inatuahidi tu kwamba kinachofuata kinafuata.

Ila hiyo ni sarufi ya vitabu. Masikioni mwangu, msimuliaji wa Lubumbashi hategemei sana «-ka-». Atasema: «Anapanda ku kibambazi, anaangalia, njo anaingia.» Kila tendo liko mbele ya macho kwa «-na-», kana kwamba linatokea sasa, na «njo» inakuja mwishoni kukaza lile lililosubiriwa. Je, ni ipi kati ya hizo mbili iliyo karibu zaidi na fremu za Steranko? Nadhani ni ya pili. Picha haijui wakati uliopita. Mtu aliyechorwa akipanda ukuta anapanda sasa, na atakuwa anapanda kila utakapofungua kitabu. Kiswahili sanifu kinasimulia katuni kama jambo lililokwisha; cha kwetu kinaisoma kama inavyoonekana.

Ushahidi wa desturi hii tunao mjini petu. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika picha zaidi ya 100 na kumsimulia Fabian, kwa Kiswahili, kilichomo katika kila moja. Picha zinafuatana, sauti inaziunga. Hakuna aliyeziita bede, na sitalazimisha jina hilo, lakini anayetaka kujua jinsi Kiswahili cha Katanga kinavyovuka kutoka picha moja hadi nyingine aanzie pale, si katika sarufi.

Kimya kina upande mwingine, wa kuchekesha. Katika toleo la pili, Julai 1968, Fury yuko nyumbani na Contessa Valentina, na ukurasa mmoja ulipita mikononi mwa wakaguzi wa maadili. Simu ambayo mkono wake ulikuwa umeachwa wazi ili wasisumbuliwe ikarudishwa mahali pake. Fremu ya mwisho ya wawili hao wakikumbatiana ikaondolewa, badala yake ikawekwa picha ya bastola ndani ya ala yake. Mwalimu wa semiotiki asingepata mfano bora: waliondoa kumbatio, wakaacha sitiari.

Mambo madogo nayapita haraka. Jina la shirika limeundwa kinyumenyume, neno «ngao» kwanza na maneno ya kulijaza baadaye. Nimejaribu kupata maneno manne ya kuijaza NGAO na yote yalinuka ofisi ya serikali. Heri liachwe kama lilivyo, lichukue upatanisho wa ngeli ya 9 kama Snel na Gécamines: S.H.I.E.L.D. imeshambuliwa, Gécamines imelipa. Watu wa Hydra, adui mkuu, watakuwa «ba-Hydra». Misemo yao ya utii, inayokaririwa kwa pamoja na mikono juu, haihitaji kubuniwa upya. Steranko aliichora mwaka 1967, mwaka MPR ilipoanzishwa, na wazazi wetu bado wanakumbuka jinsi lugha ya chama kimoja inavyosikika.

Kinachobaki kigumu ni Scorpio, mwenye barakoa anayetaka kumwua Fury. Kiingereza, kwa kiwakilishi chake cha kiume, kimeshafichua kwamba ni mwanamume. Kiswahili kwa «a-» kinaficha hata hilo, kwa hiyo jasusi wetu amevaa barakoa mbili. Katika toleo la tano Fury anauona uso huo, msomaji hauoni. Jibu lilikuja Januari 1970, katika toleo la 72 la Avengers: ni Jake, ndugu yake Fury. Kiingereza kinasema «ndugu wa kiume» na kuishia hapo. Sisi tunalazimika kujua nani alizaliwa kwanza, maana mtu wa Lubumbashi hamwiti yaya na mudogo kwa neno moja. Jake ndiye mdogo. Aliyekuja kumwua ni mtu ambaye, kwa desturi, angepaswa kunyamaza Fury anapozungumza, na mtafsiri hawezi kuandika sentensi hiyo ya ufunuo bila kuliweka jambo hilo ndani yake.

Basi kichwa cha toleo la kwanza, kile kinachouliza Scorpio ni nani, nimekiandika mara mbili katika daftari. «Scorpio ni nani?» anaweza kuuliza mtu yeyote. «Scorpio njo nani?» anauliza yule ambaye tayari ana mtu fulani akilini.