Dondoo muhimu: Sheria kwanza, akili baadaye
Anayeandika programu ya sataranji hukimbilia kuipa akili, ilhali kinachomwangusha ni sheria. Hesabu kwanza michezo yote inayowezekana tangu mwanzo: zamu moja hutoa 20, mbili 400, tatu 8,902, nne 197,281. Jumla yako ikitofautiana hata kwa moja, usisonge mbele. Zamu ya tano, 4,865,609, ndipo askari kumla anayempita huanza kutokea. Mfalme na ngome kusogea pamoja bado, hivyo jaribu mipangilio mingine ya kete pia. Wapo wanaodai kikwazo ni hisabati ya juu. Sivyo: utafutaji wa alfa-beta, unaochagua hatua, ni mistari michache ya msimbo. Na programu ya sataranji ya Stockfish, ingawa msimbo wake uko wazi, haitakusakia yenyewe kosa linalojificha miongoni mwa mamilioni ya hatua sahihi.