Mrusi akijibu "Please", haombi punguzo

Wauza viungo na vikoi wa Zanzibar, hii ni yenu. Mteja anayeongea Kirusi amelipa, umemwandikia "Thank you", yeye anajibu "Please". Usianze kushusha bei! Kwao neno moja, "pozhaluysta", ni tafadhali na ndilo hilo hilo la kumjibu anayeshukuru.

Akiandika "Give me price" bila salamu, usinune. Kirusi hakina "a" wala "the", na kuomba kwa mtindo wa kuagiza ni kawaida kwao.

Mjibu hivi:
✅ "Good morning! It is 30,000 shillings." Salamu na bei hapo hapo.
✅ "Which colour would you like?" Ungependa rangi gani?
✅ Akishukuru: "You are welcome."

Ukimnunia, oda inaenda duka la jirani.