Siri ya Mwenzako Iko Mkononi Mwako

SOMO LA VIKUNDI: Kulinda mambo ya kibinafsi katika simu

Mama mmoja wa kikundi ninachotembelea aliacha kuja mkutanoni. Tulidhani ni mgonjwa. Nilipofika kwake, alilia. Alikuwa amekopa shilingi 3,000 kwa simu ili amalizie karo ya mtoto, akashindwa kurudisha kwa wakati. Basi wenye mkopo wakamtumia ujumbe mwenyekiti wetu, shemeji yake, hata mwalimu wa shule: "Mwambie huyu alipe deni." Amenipa ruhusa nieleze haya, bila jina lake.

Walipata wapi namba hizo? Siku alipoweka ile programu ya mkopo, iliomba kusoma majina yote yaliyo katika simu yake. Alikubali bila kusoma. Shemeji hakuulizwa. Mwenyekiti hakuulizwa. Hapo ndipo penye somo letu: simu yako imebeba mambo ya wengine, na simu za wengine zimebeba yako.

Sheria yasemaje?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Habari za jamii yako na mambo yako ya kibinafsi zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Data ni habari zinazokutambulisha: jina, namba ya simu, kitambulisho, deni, ugonjwa. Anayezichukua akueleze ni za kazi gani. Tangu 2022, kanuni za Benki Kuu zinamkataza mkopeshaji wa simu kutumia majina yaliyo katika simu yako ili kukuaibisha. Deni ni deni, lilipwe. Lakini aibu si njia ya kudai.

Na sisi je?

Tusinyoshee wengine kidole tu. Ni mara ngapi ukurasa wa daftari letu umepigwa picha na kutumwa WhatsApp, pamoja na namba za vitambulisho na madeni ya watu? Picha ikishatoka hairudi. Mkora akiipata, atakupigia akijifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu. Utamwamini, maana anakutaja kwa majina yako matatu.

Tufanye hivi:

1. Daftari likae kwa katibu, mahali pa kufungwa. Hesabu zisomwe mkutanoni, lakini ukurasa usipigwe picha.

2. Namba ya siri ya M-Pesa ni yako peke yako. Kuweka pesa kwa agenti hakuihitaji. Ukitoa, unaibonyeza wewe mwenyewe kwa simu yako. Wazee wafundishwe polepole, wasimpe mjukuu wala agenti.

3. Programu ikiomba kusoma majina katika simu yako, jiulize: mkopo wangu unahusu nini shemeji yangu? Kataa. Ikisema bila hayo hakuna mkopo, tafuta mkopo kwingine.

4. Usipeane namba au picha ya mtu kabla ya kumwuliza. Sema tu, "Ngoja nimwulize kwanza."

5. Ukidhulumiwa, usifute ujumbe, ni ushahidi. Peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, nao wataandika. Sheria inataka uchunguzi umalizike kwa siku 90. Mwaka 2023 ofisi hiyo ilitoza faini kampuni ya mikopo ya simu kwa makosa ya namna hii.

Yule mama amerudi. Kikundi kilimkopesha kutoka mfuko wetu akamaliza deni lile, na sasa analipa shilingi 200 kila wiki. Wiki moja alipochelewa, mwekahazina alimwendea nyumbani jioni, peke yake, wakazungumza. Hakuna jirani aliyejua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Daftari letu liko wapi leo, na ni nani ameliona wiki hii?

2. Mwenzetu akishindwa kulipa, tunamwendea au tunamtangaza?

3. Je, kuna picha au majina ya wengine katika simu zetu ambayo tungepaswa kuyafuta leo, kabla ya kwenda nyumbani?