SOMO LETU: LAND ROVER KUUKUU, NA NAMNA YA KULITENGENEZA KWA KULIUZA



Katika mashamba yetu mengi lipo Land Rover limekaa chini ya mwembe, tairi zimezama ardhini na kuku wanatagia kitini. Zamani lilibeba magunia ya karafuu na makonyo. Sasa mwenyewe huona haya hata kulitazama. Lakini wako watu, wa hapa na wa ng'ambo, wanaoyatafuta magari hayo na kutoa fedha nzuri, na wanachama kadhaa wametuuliza kama yafaa kulitengeneza kisha kuliuza. Jawabu letu ni kwamba mengine yafaa na mengine hayafai kabisa, nayo kwa kutazama juu juu huwa sawasawa. Ndiyo sababu ya somo hili.

Land Rover lilizaliwa kisiwani, kama sisi. Bwana Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, akitumia jipu la Kimarekani lililobaki baada ya vita. Mwaka wa 1947 akaanza kufikiri gari la mkulima la namna ile. Likaonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, basi sehemu kubwa ya bodi ikafanywa kwa aluminiamu, bali chesesi, na ukuta ulio baina ya injini na dereva, vikafanywa kwa chuma. Kumbukeni jambo hili, kwani faida na hasara zote zimo humo.

Toleo la kwanza liliendelea hata 1958, likafuatwa na la pili, na kutoka 1961 likaja lile liitwalo IIA. La tatu lilitengenezwa tangu 1971 mpaka 1985. Wanunuzi wengi hupenda zaidi yale ya mwanzo.

Aluminiamu haioti kutu, na hapo ndipo mtu anapodanganyika: milango mizima, mabawa mazima, kumbe chini kumeoza. Chesesi ni kama sanduku refu lililo tupu ndani. Matope na maji ya chumvi huingia, matundu ya kutolea maji yakaziba, nacho chuma kikaliwa kutoka ndani kuja nje. Basi fanya kama afanyavyo fundi wa majahazi anapokagua ubao: gonga. Chukua nyundo ndogo, ulale chini, ugonge kutoka mbele hata nyuma, hasa pale zinaposhikwa springi, chini ya miguu ya dereva, na lile boriti la mwisho kabisa nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito kama debe lenye mchanga. Tazama pia pale aluminiamu ilipokutana na chuma. Ukiona unga mweupe, chumvi imekwisha kuanza kazi yake, na hapo aluminiamu ndiyo iliwayo.

Sisi wenyewe hatukugonga. Tulinunua IIA fupi kwa ajili ya kuwaonyesha wanachama mfano, tukaanza kwa rangi kwa kuwa rangi hupendeza macho. Fundi mmoja akaturekebishia boriti la nyuma, nasi hatukulala chini kumtazama. Likaja kung'aa! Mnunuzi akatoa arubuni, akaja siku ya kulichukua na nyundo mfukoni. Pigo la tatu nyundo ikazama. Ndani mlikuwa na bati, na juu ya bati puti, na juu ya puti rangi yetu nzuri. Tuliona haya kama mkulima aliyekutwa ametia maji karafuu ili izidi uzito. Arubuni tulimrudishia papo hapo. Na tulipolifungua gari tuliona kwamba mshiko mmoja wa springi ulikuwa karibu kung'oka. Mtu angeshuka nalo kilima akiwa na wachumaji nyuma, haina haja kueleza.

Kwa hiyo hesabu itangulie spana. Huu ni mfano tu: tuseme gari limenunuliwa kwa milioni 5, kuchomea chesesi na ule ukuta ni milioni 6, injini, breki na tairi milioni 4, kulivusha kwa chombo milioni 1. Jumla milioni 16. Ikiwa magari ya namna hiyo yanauzwa kwa milioni 15, umefanya kazi miezi mingi ukamlipa mnunuzi alichukue. Gari hilo livunjwe liuzwe vipande. Milango, giaboksi na difu zina wenyewe wanaozitafuta.

Likifaa, kazi ianze chini kwenda juu, na rangi iwe ya mwisho. Nati za magari haya ni za inchi. Spana ya milimita huzila kona. Zilowesheni mafuta siku mbili tatu kabla ya kufungua. Kabla ya kuchomea, ondoa betri, tena ondoa tangi la petroli, ambalo katika gari fupi li chini ya kiti. Wala usiseme kwamba tangi ni tupu: tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio ulipukao. Aluminiamu nayo haichomewi kwa mashine ya kawaida ya chuma. Mpeleke fundi mwenye gesi ya agoni.

Breki msizifanyie ubahili. Mengi ya magari haya yana njia moja tu ya mafuta ya breki, maana yake bomba moja likipasuka magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Mabomba na mipira yote iwe mipya, hata kama ya zamani yaonekana nzima.

Vitu vya asili msivitupe: taa, viti, kibao cha namba. Wengi hupendelea rangi iliyochakaa ya kiwandani kuliko rangi mpya ya juzi.

Limebaki la karatasi, nalo limewakwamisha wengi kuliko kutu. Namba iliyo katika kadi ilingane na ile ya kibao na ile iliyogongwa kwenye chesesi, mbele upande wa kulia penye mshiko wa springi. Isuguliwe kwa brashi ya waya taratibu, isifutike. Na magari mengi ya chini ya mwembe yaliachwa na marehemu. Gari hilo ni la warithi wote, hata dada aliyeolewa ng'ambo ya pili ya kisiwa. Mirathi imalizwe kwanza, ndipo nati ya kwanza ifunguliwe.

Siku ya kuuza, mwambie mnunuzi palipochomewa, umwonyeshe na picha zilizopigwa kabla ya rangi. Nyundo yetu iko ofisini. Mwanachama atakayetaka kuiazima na aje, ila airudishe.