Mpangaji, Jina Lake na Vyombo Vyake

Mtu anayepanga nyumba hukabidhi mambo mengi kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Hutoa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, hutoa ada ya dalali, hutoa nakala ya kitambulisho cha Taifa, picha ndogo, namba ya simu, jina la mwajiri, na mara nyingine majina ya wadhamini wake. Fedha ataziandikia risiti, au angalau atazikumbuka. Nakala ya kitambulisho haikumbukwi na mtu. Wiki mbili baadaye haijulikani iko kwa dalali, kwa mwenye nyumba, kwa mjumbe, au kwenye kapu la taka la duka la steshenari ilikotolewa.

Somo hili linahusu vitu viwili ambavyo mpangaji huviacha wazi kwa kudhani kwamba vina mlinzi mwingine. Cha kwanza ni jina lake, yaani taarifa zinazomtambulisha. Cha pili ni vyombo vyake, ambavyo hudhani vimo ndani ya bima ya mwenye nyumba. Vyote viwili havina mlinzi mwingine.

Namba inayosema zaidi ya namba

Chukua kitambulisho chako cha Taifa uitazame namba yake. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo kila unayempa namba hiyo umempa na tarehe yako ya kuzaliwa, jambo ambalo watoa huduma wengi hulitumia kumhakiki mteja anayepiga simu. Ukimpa nakala nzima, umempa pia majina yako matatu, picha na saini. Kilichobaki ni namba yako ya simu, nayo umeshaiandika kwenye mkataba wa pango.

Hata hivyo, kwa laini za simu mwizi wa jina ana kikwazo. Tangu Mei 2019 laini nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na mtu hawezi kusajili laini kwa kukariri namba ya mwenzake. Anahitaji kidole. Ndiyo maana hila nyingi zimeelekezwa kwenye kidole chenyewe. Msajili asiye mwaminifu hukwambia kwamba mashine haijasoma vizuri, weka dole tena; na pengine mara ya tatu. Inawezekana kweli haijasoma, hasa kwa watu ambao kazi zao zimefuta mistari ya vidole, kama mafundi ujenzi na wakulima. Inawezekana pia kwamba dole la kwanza limesajili laini yako na la pili limesajili laini ya mtu usiyemjua, kwa jina lako. Laini hiyo ikitumiwa kutapeli watu, jina litakaloonekana kwenye kumbukumbu ni lako.

Dawa yake ni nyepesi, na inashangaza kwamba wengi wetu hatuitumii. Piga *106#, kisha fuata maelekezo ili uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtoa huduma husika ukiwa na kitambulisho, ukane namba hiyo na uombe ifutwe. Usisubiri mpaka uitwe kituoni kuieleza. Fanya uhakiki huu kila baada ya miezi michache, na siku ileile unapotoka kusajili au kurudisha laini kwa wakala wa barabarani.

Nakala za karatasi zinahitaji nidhamu ya namna nyingine. Huwezi kuzikataa zote, kwa maana mwenye nyumba ana haki ya kumjua anayelala ndani ya nyumba yake. Unachoweza ni kuifanya nakala isifae kwa kazi nyingine. Juu ya nakala, kwa kalamu, ukipitisha maandishi juu ya picha bila kuificha sura, andika: “Kwa ajili ya mkataba wa pango tu,” kisha mahali nyumba ilipo, tarehe na jina la unayemkabidhi. Nakala iliyoandikwa hivyo ni vigumu kupelekwa kwingine kama nakala safi. Picha ya kitambulisho uliyomtumia dalali kwa simu ni shida zaidi, kwa kuwa husambaa bila kuchakaa. Ni afadhali kumwonyesha kadi yenyewe mkionana. Na dalali ambaye hata nyumba hajakuonyesha hana sababu yoyote ya kukuomba kitambulisho.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako awe na lengo halali na asizitumie nje ya lengo hilo, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini sheria huja nyuma ya tukio, nayo hudai ushahidi. Kwa sababu hiyo hifadhi kila ujumbe na kila risiti, hata inapokuudhi kuitazama.

“Mimi mwenye nyumba wako”

Ujumbe huu unajulikana na karibu kila mwenye simu: mtu anajitambulisha kuwa ni mwenye nyumba, anasema simu yake ina matatizo, na kodi itumwe kwenye namba nyingine. Wengi huucheka, hasa asiyepanga anapoupokea. Hata hivyo mtumaji hahitaji kucheza na wote. Akituma kwa watu elfu moja, miongoni mwao wapo ambao kodi yao inaisha wiki hiyo na fedha zimo kwenye simu, na mmoja akituma, kazi imelipa.

Ujumbe wa aina hii hauhitaji hata kuiba taarifa zako. Unaiba jina la mwenye nyumba tu. Ulio hatari zaidi ni ule unaokutaja kwa jina, ukataja mtaa na kiasi cha kodi, kwa sababu huo unatoka kwa mtu aliyeuona mkataba au aliyezungumza na aliyeuona. Kabla ya kutuma, piga simu kwa namba uliyoizoea, usikie sauti unayoijua. Zaidi ya hapo, weka ndani ya mkataba kifungu kimoja cha mstari mmoja: kodi italipwa kwa namba au akaunti fulani, na mabadiliko yoyote yatafanywa kwa maandishi yenye saini. Kifungu hicho humlinda mwenye nyumba pia.

Ujumbe wa ulaghai upeleke kwenda 15040. Mfumo utakuuliza namba iliyokutumia, nawe utaijaza. Usimjibu tapeli kwa matusi. Jibu lolote humwambia kwamba namba yako iko hai.

Tahadhari nyingine inahusu programu za mikopo. Mpangaji anayetafuta kodi ya miezi sita kwa haraka ndiye mteja wao mkuu, na baadhi ya programu hizo humtaka aruhusu zisome orodha yote ya majina kwenye simu yake. Akichelewa kulipa, ndugu na mabosi wake hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Mkopeshaji asiye na leseni hana wa kumwajibisha kuhusu taarifa ulizomkabidhi. Hilo ni gumu kulirekebisha kuliko riba yenyewe.

Bima ya mwenye nyumba inalipa nini

Inalipa nyumba. Kuta, paa, madirisha, pengine uzio. Moto ukiteketeza jengo, kampuni ya bima itamfidia mwenye nyumba gharama ya kulirudisha, na kitanda chako, friji yako, cherehani na nguo za watoto havitaulizwa na mtu. Sababu yake si ukatili. Kanuni ya bima ni kwamba mtu hukatia bima kile ambacho yeye mwenyewe angepata hasara kikiharibika, na mwenye nyumba hapati hasara friji yako ikiungua.

Kuna jambo la pili ambalo wapangaji wachache hulijua. Kampuni ikishamlipa mwenye nyumba, kwa kawaida huingia mahali pake na kupata haki ya kumdai aliyesababisha hasara. Ikithibitika kwamba moto ulitokana na uzembe wako, labda pasi iliyoachwa kwenye umeme au mtungi wa gesi wenye mpira uliochakaa, unaweza kudaiwa gharama ya jengo ambalo si lako. Kwa hiyo unapoomba bima ya vyombo vya nyumbani, uliza swali hili: je, ndani yake imo dhima yangu kwa mwenye nyumba na kwa majirani? Baadhi ya hati zinayo, nyingine huiongeza kwa ada kidogo.

Uliza pia kuhusu mafuriko. Hati ya msingi ya moto haiyajumuishi siku zote, na kwa mtu anayeishi karibu na bonde la Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wengi kutoka makwao, bima ya moto isiyo na mafuriko ni mwavuli uliotoboka. Kuhusu wizi, soma maneno kwa utulivu. Hati nyingi hulipa wizi wa kuvunja, yaani ule wenye alama ya kuvunjwa mlango, dirisha au dari. Aliyeingia kwa mlango uliosahauliwa wazi, au mpangaji mwenzako mnayetumia korido moja, huenda asihesabiwe. Kama unaishi chumba kimoja ndani ya nyumba ya wapangaji wengi, liseme hilo wazi kwenye fomu ya maombi. Kulificha ili upate ada nafuu ni kuipa kampuni sababu ya kukataa dai lako baadaye.

Kosa linaloumiza wengi lakini ni la hesabu. Tuchukue mfano. Vyombo vyako vyote vina thamani ya shilingi 8,000,000, lakini ili kupunguza ada unaandika 4,000,000. Jikoni panaungua, nawe unapata hasara ya 2,000,000. Unatarajia kulipwa zote, kwa kuwa ni chini ya kiwango ulichoandika. Kampuni itasema kwamba ulikata bima ya nusu ya mali, basi utalipwa nusu ya hasara, yaani 1,000,000. Kisha itaondoa kile kiasi ambacho hati inakutaka ujigharimie mwenyewe katika kila dai. Kama kiasi hicho ni 100,000, mkononi utapata 900,000. Hiyo si dhuluma, ni kanuni iliyoandikwa ndani ya hati, ingawa tunakiri kwamba mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha ambayo mnunuzi hakuisomea.

Kwa hiyo hesabu vyombo kabla ya kwenda kwa wakala. Pita chumba kwa chumba ukipiga picha, fungua na kabati, andika aina ya kifaa, namba yake ya utambulisho na mwaka ulioununua. Uliza kama kampuni italipa bei ya kifaa kipya au itapunguza uchakavu. Runinga ya miaka sita hailipwi sawa katika hati hizo mbili. Orodha na risiti zisikae ndani ya nyumba hiyohiyo pekee. Ziweke pia kwa ndugu, au kwenye barua pepe yako.

Hakikisha anayekuuzia ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Hati halali huandikishwa katika mfumo wa TIRA-MIS, na unaweza kuihakiki humo kwa namba yake kabla hujaondoka dukani kwa wakala. Ada ilipwe kwa kampuni, si kwenye simu binafsi ya mtu. Tapeli wa bima naye ni mwizi wa jina, ila ameiba la kampuni.

Usiku wa kuvunjiwa

Hapa mambo mawili ya somo hili hukutana, kwani mwizi akiingia chumbani huondoka na runinga na mkoba wenye kadi kwa pamoja. Bima ya vyombo italipa runinga na kompyuta. Kwa kawaida haitalipa fedha zilizohamishwa kutoka kwenye simu yako, wala mkopo uliochukuliwa kwa jina lako. Ndiyo sababu simu hushughulikiwa kwanza: kwa simu ya jirani, mpigie mtoa huduma afunge laini na akaunti ya fedha, kisha benki ifunge kadi. Dakika hizo ni za thamani kuliko kumkimbiza mwizi gizani.

Baada ya hapo nenda polisi ukapewe RB, ukitaja vyombo vilivyoibiwa na vitambulisho pia, kila kimoja kwa jina lake. Karatasi hiyo itakufaa mara mbili: kwa dai la bima, na kwa kuthibitisha tangu siku gani kitambulisho hakikuwa mikononi mwako. Kama tukio ni moto, piga 114, na baadaye omba taarifa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mlango uliovunjwa upige picha kabla fundi hajautengeneza.

Iarifu kampuni ya bima mapema kadiri hati inavyotaka, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Dai likikataliwa, omba sababu kwa barua. Usiporidhika, peleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na hati, RB, orodha ya vyombo na barua hiyo ya kukataliwa.