Matunzo ya Mtoto Yanaanzia Kwenye Daftari

Dada unayelea peke yako Mbagala, Buza au Tandale, umeshaambiwa sana: mwachie Mungu, lea mwanao. Kulea utalea. Lakini matunzo ni haki ya mtoto, kwa hiyo si yako kuyasamehe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana baba hata kama hakukuoa.

Nunua daftari kabla hujaenda ofisi yoyote. Andika kila unachomtolea mtoto: uji, nauli ya daladala, sare, dawa, na fungu lake kwenye kodi ya chumba. Risiti zibandike humo humo. Shule za serikali zilifuta ada 2016, ila viatu na hela ya kula bado vinakutoka wewe, na bila maandishi utabaki kusema maisha magumu, jambo ambalo baba naye atalisema. Sheria ya zamani ilimwekea mtoto wa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi! Ile ya 2009 iliifuta, na sasa mahakama hutazama kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Gharama hizo nani atazieleza kama si wewe?

Meseji za baba usifute, hata za matusi. Ile aliyoandika "nimetuma ya maziwa" ni ushahidi, na jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa pia ni ushahidi. Akimkana mtoto, kipimo cha DNA hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini huendi mwenyewe. Ombi hupitia ustawi wa jamii au mahakama. Akikataa kupimwa, kukataa huko nako mahakama inaweza kukuzingatia.

Sasa nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa. Atamwita baba mkae mezani, na hapo ndipo wengi wanapopoteza, kwa kukubali "nitatoa nikipata." Usiondoke bila kiasi, siku ya kulipa na saini za wote wawili. Kiasi hicho kipange kulingana na kazi yake. Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri hatakuwa na laki moja mwisho wa mwezi, ila elfu tatu ya kila siku anaweza kuituma kabla hajalala. Na asipolipa usimfungie mtoto kumwona baba yake. Hiyo nayo ni haki ya mtoto.

Akikaidi, peleka shauri mahakamani. Temeke kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, na mashirika kama TAWLA (la wanasheria wanawake) na WLAC hutoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Akikutishia au akikupiga, acha mazungumzo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mtoto akidhurika, piga 116, ni bure.

Shauri likichelewa, wakopeshaji wa kausha damu watakuja mlangoni na hela ya haraka. Wakatae, nakusihi, maana marejesho yao yatakula hata hicho kidogo baba atakachotoa. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, isiyo na riba. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kikundi kinasajiliwaje, siku hiyo hiyo utakapoenda ustawi.