Ustadh, kuku hawa wametoka wapi?



Ramadhani iliyopita nilitumwa kununua kuku wa futari ya wanafunzi wetu wa madrasa hapa Kiseke. Nilinunua vipande vilivyogandishwa katika duka moja, vikiwa kwenye mifuko myeupe iliyoandikwa "Halal" na bei. Basi. Mama mmoja aliyekuwa akitusaidia kupika aliugeuza mfuko mbele na nyuma, akaniuliza: "Ustadh, kuku hawa wametoka wapi?" Nikamjibu kwamba wana nembo ya halali. Akasema: "Hiyo nimeiona. Nauliza walikotoka." Sikuwa na jibu, na futari ikaliwa.

Kesho yake nilirudi dukani. Muuzaji, naye Muislamu, alicheka: "Ustadh, si nyinyi mliotufundisha kwamba mtu apige Bismillahi ale?" Ni kweli, nimelifundisha hilo mwenyewe. Nikaenda kufungua vitabu upya.

Hadithi anayoitegemea muuzaji yule imo katika Bukhari, kutoka kwa Mama Aisha (r.a.). Watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nyama wanayoletewa na watu waliokuwa wapya katika Uislamu, wasijue kama ilitajiwa jina la Allah au la. Akawaelekeza wataje wao jina la Allah na wale. Hii ni rukhsa kubwa. Inatuepusha na wasiwasi, maradhi ya baadhi yetu wanaotaka kumhoji mwenyeji wao kabla hata ya kunawa. Lakini tazameni, ndugu zangu: rukhsa ile alipewa mlaji. Na tena waulizaji wale walijua vizuri nyama imeletwa na watu gani. Walichokuwa hawakijua ni kama jina la Allah lilitajwa wakati wa kuchinja.

Muuzaji ana hadithi yake nyingine, nayo imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita kwenye lundo la chakula kinachouzwa, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba kimenyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu watu wakione, na akaambiwa kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Chakula chenyewe kilikuwa halali! Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, baraka ya mauziano imefungamanishwa na kusema kweli na kubainisha. Kwa hiyo kutosema uongo pekee hakutoshi. Muuzaji anayejua kuku wake ametoka wapi akanyamaza, kisha akajikinga kwa Bismillahi ya mnunuzi, amejivika rukhsa isiyokuwa yake.

Wapo watakaosema haya ni makubwa mno kwa mfuko wa kuku. Basi tuangalie samaki wetu. Minofu ya sangara husafirishwa Ulaya kutoka viwanda vya hapa Mwanza. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika kwa walaji Desemba 2014, samaki wa maji baridi anapouzwa huko ni lazima itajwe nchi yake na ziwa au mto alimovuliwa. Mama wa Brussels asiyeweza kuionyesha Mwanza kwenye ramani ana haki ya kujua kwamba samaki wake ni wa Ziwa Victoria, Tanzania. Sisi tunaopigwa na upepo wa ziwa hilo tunauziwa kuku asiye na kwao.

Na maneno hayo machache yana uzito. Marekani ilipolazimisha nyama iandikwe nchi ya asili, Canada na Mexico ziliishitaki katika Shirika la Biashara Duniani na kushinda, na Desemba 2015 sharti hilo likafutwa kwa ng'ombe na nguruwe. Kwa kuku, mbuzi na kondoo lilibaki.

Hapa kwetu, mwaka 2006 serikali ilizuia kuku wa nje kwa hofu ya mafua ya ndege. Sasa mnunuzi atatambuaje aliyepenyezwa, ikiwa mfuko hausemi kitu? Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, lakini hereni ya ng'ombe haifiki buchani.

Nikiri kwamba jina la nchi halithibitishi kuwa mnyama amechinjwa kisharia. Linampa mlaji pa kuanzia kuuliza. Vijana wa pangoni, kama tunavyosoma katika Suratul Kahf aya ya 19, walikuwa wamejificha na wana njaa, na bado walimwagiza mwenzao akatazame chakula kipi ni safi zaidi.

Yule mama nilimpelekea jibu baada ya siku tatu: sijui walikotoka, na muuzaji hakutaka kusema. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wanafunzi nao nimewaambia.